Nipe Mji

Taavi anaweka picha ya kwanza mezani:
milima myekundu, vumbi, bonde lenye ufa.
"Jangwa," anasema bibi yake, Leida.
Kumbe kichwa cha njiti ya kiberiti.

Ya pili, meno yanayoumana kimya.
Zipu. Hapo hakusita,
miaka arobaini ya kushona makoti.

Ya tatu ni vishimo, vishimo,
uso wa fedha ulioliwa na ndui.
Anaigeuza. Anainusa karatasi.
Nje theluji inaendelea na kazi yake.

"Nimeshindwa."
"Basi nipe mji."

Akampa Tartu nzima na mto wake ulioganda,
na mdomo ulikuwa bado unagawa mitaa
kidole cha kati kilipojikunja chenyewe
kikitafuta kofia yake.

"Subana!
Nirudishie mto."