Ninayefuta Ubao

Saa kumi jioni watoto wameshachukuliwa,
mvua ya Bryn Llechau inapiga madirisha kwa mshazari,
nami naingia Darasa la Tatu na ndoo
na kile kitambaa laini cha manjano,
maana kioo hiki hakitaki sabuni.
Mwalimu Eluned ameuzima. Ubao umelala ukutani,
mweusi kama kisima.

Wengine huusoma ukiwaka.
Mimi huusoma umezimwa,
nikiinamisha kichwa kidogo, taa ya ukumbini ikiupiga ubavuni:
vidole, vidole, vidole.
Jamu kwenye kona: huyo Gwilym, hakuna mwingine.
Mburuzo wa kiganja kutoka kushoto hadi kulia:
leo waliizungusha dunia.
Vidole vitano vilivyokusanyika, kisha vikatawanyika:
kuna aliyeivuta mbegu mpaka akauona mzizi.
Na huku juu, kidole kipana cha mwalimu, mara mbili.
Mara mbili tu, siku nzima!
Enzi zangu mwalimu aliuatamia ubao kama kuku,
nasi nyuma tukinakili mgongo wake.

Siku walipouleta, wanaume wawili kutoka Wrexham,
wakiubeba kama jeneza la mtu mwembamba,
nilinuna.
Bei yake ingeliziba paa.
(Paa linavuja hata leo. Paa la mawe,
katika kijiji kilichoviezekea vijiji vya watu!)

Babu yangu Ifor aliyapasua mawe hayo
katika mlima ulio nyuma ya shule,
mlima ulioliwa hadi ukabaki kaka la yai.
Patasi, nyundo ya mti, pumzi,
na jiwe likafunguka kurasa.
Yaliyo mazito yakaenda kuwa mapaa,
yaliyo membamba yakawa vibao vya wanafunzi,
ya kuandikia, kutemea mate, kufutia kwa mkono wa shati.
Maelfu yalipita mikononi mwake.
Naye, siku ya mshahara, mahali pa jina,
alitia msalaba.

Sisemi chombo kinafundisha.
Umeme ukikatika ni meza iliyosimamishwa.
Nimemwona yule mwalimu wa kabla ya Eluned
akikigeuza sinema,
watoto wakipiga miayo gizani
na kioo jioni kikinisubiri kisafi, hakina hata alama moja.
Kufuta kioo kisafi ni kazi ya huzuni.

Lakini yuko Tegwen.
Mikono yake hutetemeka tangu kuzaliwa;
penseli kwake ni samaki aliye hai.
Nimeziokota chini ya dawati lake, zimevunjika ncha,
na karatasi zilizotobolewa, zikakunjwa zikawa ngumi.
Mwezi wa pili, Jumanne, nikainamisha kichwa changu
nikakuta, chini kabisa, karibu na fremu,
njia ya kidole kimoja.
Inapanda, inayumba, inasita (hapo alipumzika),
inarudi kuuvuka mstari wake yenyewe.
T.
Kisha E, imelala chali.
Kisha nyingine, na nyingine, kubwa kubwa,
hadi jina zima likafika ukingoni
na N ikakosa nafasi, ikapanda juu kama mbuzi.

Kalamu haikuhitajika. Nguvu haikuhitajika.
Kioo kilikuwa kimemuuliza kitu kimoja tu:
uguse.

Nilifuta jamu. Nilifuta dunia na mbegu,
na vile vidole viwili vya mwalimu.
Kisha nikakaa kwenye kiti kidogo kisichonitosha,
kitambaa mapajani,
nikimfikiria mzee mmoja na msalaba wake.

Asubuhi Eluned alinisimamisha mlangoni.
“Mererid, pale chini umesahau.”
Nikamwambia sikusahau.
Akachuchumaa, akainamisha kichwa kama mimi,
akatazama kwa muda mrefu.

Nami nikaenda kuiweka ndoo panapodondoka.