Vidole Viwili

Jumatatu nilikaza. Alhamisi nikakaza tena.
Jumapili, mteremko wa Buza, cheni ikaanza kupiga kava,
kra kra kra,
kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya kopo la misumari.
Abiria wangu, mama mwenye ndoo ya dagaa,
akaniinamia sikioni:
"Kinachokohoa ni pikipiki, au ni wewe?"

Nikaipeleka Tandika kwa Mwantumu,
nyuma ya wauza mitumba,
fundi wa maneno machache na spana nyingi.
Nikamwambia, nikazie upesi, kijiwe kinanisubiri.
Hakukaza.
Alikaa juu ya kreti la soda,
akalizungusha tairi la nyuma kwa mkono, taratibu,
mahali pengine cheni ikining'inia, mahali pengine ikivutika,
naye kimya, kichwa upande.

"Hailegei," akasema. "Inaliwa."

Akanishikisha meno ya sproketi:
yamechongoka, yamelalia upande mmoja, ndoana tupu.
"Cheni mpya umeifunga kwenye meno ya kizee.
Bi harusi umemwingiza nyumba inayoanguka,
halafu kila asubuhi unamlaumu yeye."

Nikailaumu barabara. Nikayalaumu mashimo.
Akanitazama tu, na mimi mwenyewe nikaanza kutaja:
mshikaki wa saa tano usiku, watu watatu na begi;
klachi ninayoiachia ghafla taa za Veta zikiwa kijani;
mchanga wa Mbagala;
tope la Jangwani, ambalo sikulisafisha,
nililimwagia oili chafu nikaona nimetibu.
"Oili juu ya mchanga," akasema, "ni msasa."

Na nati ya ekseli? Niliikaza mimi.
"Ulikuwa na haraka," akasema,
akanionyesha alama za kushoto na za kulia zisivyolingana,
tairi limekaa kombo kama kofia ya mlevi.

Nikampigia mwenye chombo, Bwana Mushumbusi,
ambaye hesabu yake haijawahi kulala njaa.
Nikamweleza: seti nzima, cheni na sproketi zote mbili.
Akacheka. "Si ukaze tu?"
Simu ikakatika.
Mji huu wote ni kaza tu.
Kodi imepanda, kaza. Mtoto kafukuzwa ada, kaza.
Hakuna anayeuliza ni nini kinachotafunwa.

Mwantumu aliandika jina langu kwa chaki mlangoni,
chini ya majina mengine kumi na moja,
akafunga seti mpya.
Klipu akaiweka kama samaki anayekwenda mbele:
kichwa mbele, mkia nyuma.
Kisha akasukuma cheni katikati, chini, juu,
akapima mchezo wake kwa vidole viwili.
"Usiivute kama waya wa kuanikia.
Ukiingia shimoni, mkono wa nyuma unapanda,
na cheni isiyo na nafasi itadai nafasi hiyo kwenye beringi."
"Na injini uzime kwanza," akaongeza,
akauinua mkono wa kushoto.
Cha shahada kiliishia kwenye fundo la kwanza.
"Hiki nilikiacha Temeke. Nilikuwa na haraka."

Sasa ni usiku, uani kwetu.
Nimetoka kazini, cheni bado ina joto.
Mafuta ya taa kwenye kopo, brashi ya meno, kitambaa kikavu,
halafu oili nzito, tone kwa tone, upande wa ndani,
ilale nayo mpaka alfajiri.
Mke wangu Sikuzani ananimulikia kwa simu.
"Hiyo brashi ni ya nani?"

Nalizungusha tairi.
Nasikia mbu, nasikia redio ya jirani.
"Nakuuliza wewe. Hiyo brashi ni ya nani?"