Muhtasari wa Jumapili

Waliohudhuria: thelathini na saba,
ukimhesabu mtoto wa Aikande aliyezaliwa Alhamisi,
na mimi namhesabu.
Nyumba ya kupanga, Pasua, ukuta wa njano,
mlango wa nyuma hauna komeo tangu Machi.

Wimbo wa kwanza ulipofika ubeti wa pili
umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza
kama mtu aliyenyang'anywa neno mdomoni.
Ndipo Kisali, miaka kumi na tisa,
tai ya marehemu baba yake imempita kitovu,
akagonga benchi kwa kiganja. Polepole kwanza.
Akina mama wakamjibu kwa visigino,
na wimbo uliotufikia toka ng'ambo
umekunjwa, umepigwa pasi,
ukajikunjua, ukatoka jasho.

Kikaoni tulibaki watano.

Mzee Mshiu, rais wa tawi, fundi saa,
alisema: Kila saa ikishika mwendo wake
hakuna atakayejua ni saa ngapi.
Ibada ni moja, Utah na Pasua.
Uzuri wake ndio huo: popote utakapofika
unaujua ukurasa.
Hakukasirika. Alikuwa akifuta miwani.

Dada Ndeshukuru, mhasibu, hazungumzi bila tarehe:
Watu wa rangi yetu walinyimwa ukuhani
hadi Juni, mwaka sabini na nane.
Aliyeapa Jumatano kwamba hili halibadiliki
Ijumaa alikuwa akishangilia.
Sisemi tubomoe.
Nauliza tu mlango upi unafuata,
maana mimi bado nimesimama nje ya mmoja,
na daftari la zaka nimelibeba mimi.

Kisali akasema wenzake watatu wameshahamia
kule kwenye spika kubwa na mafuta ya upako.
Sisi tutabaki kanisa la miwani, akasema,
kisha akaona aibu, akatazama viatu.

Eliafoo, aliyehubiri miaka miwili Kananga
akarudi na Kifaransa na vidonda vya tumbo,
siku hizi mkate ukimfikia anaupitisha kwa jirani.
Usiku husoma kwenye simu, peke yake.
Sijui kama ni kweli, alisema.
Ila Jumapili ikifika, miguu inakuja.

Mimi ni karani. Nimepewa kalamu, sikupewa nyundo.
Niliandika: Wimbo ulikamilika.

Jioni nikapanda Old Moshi kwa mama,
Mlutheri wa kubatizwa, wa kipaimara, wa kuzikwa.
Nilikuwa na fomu ya wahenga, ya kupeleka hekaluni.
Jina la babu yake babu: lipo.
Alipolala: pale, nyuma ya zizi, mgombani.
Tarehe ya kuzaliwa?
Andika mwaka wa nzige, mama akasema.
Kisanduku kina nafasi ya tarakimu nane.
Hakikubali nzige.

Mkishambatiza huko, akauliza,
bado atatujua sisi wa hapa?
Nilifungua mdomo. Majibu ninayo, yamechapwa,
yana kurasa na aya.
Nikaufunga.

Alikuwa akikaanga buni na bega linamuuma.
Mimi kahawa siinywi, mwaka wa kumi na moja huu,
mimi niliyesomeshwa na kahawa
toka darasa la kwanza hadi chuo.
Nilichukua mwiko, nikageuza
mpaka zikaanza kupasuka, moja moja,
kisha zote kwa pamoja, hazisubiriani.
Moshi ukaingia kwenye shati jeupe
na shati la pili halijakauka.

Jumapili ijayo Mzee Mshiu atanusa.
Atafuta miwani.
Labda atasema neno, labda atanisogelea.

Usiku huu namalizia muhtasari.
Umebaki mstari mmoja, wa mwisho.
Mengineyo:
mlango wa nyuma bado hauna komeo.