Kitako cha Gorogoro

Jumapili neno lilisomwa kuhusu vipimo.
Mchungaji hakupaza sauti. Alisoma, akakohoa,
akafungua ukurasa mwingine.
Mimi nilibaki kwenye ule wa kwanza,
macho kwenye viatu vyangu,
nikikiona kitako cha gorogoro langu,
nilichokigonga mwenyewe kikaingia ndani
kina cha vidole viwili.
Vidole viwili vya maharagwe,
kila kipimo, miaka saba, soko la Kangemi.

Nikasema: ndiyo, Bwana.
Kisha nikasema: ila gunia hili liishe kwanza,
nililinunua ghali.

Jumatatu nikataja kodi ya kibanda.
Jumanne mvua. Nani hutubu kwenye matope?
Jumatano nikafunga, nikaomba kwa machozi
Mungu anionyeshe mapenzi yake,
na gorogoro li palepale mkononi
likinitazama kwa uso wake wa bati.

Alhamisi akaja Mzee Shitanda,
alindaye malango ya watu usiku
ili wajukuu wanne wale mchana.
Akanyoosha mfuko. "Nyayo, mama. Gorogoro moja."
Nikapima, nikamtupia konzi ya nyongeza,
ile ya kumfumba mteja macho.
Akanishukuru.
Akanishukuru!
Ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Utotoni mama akinituma chumvi
nami nikaitika "naja" bila kuinuka,
alitokeza kichwa jikoni:
"Kwamboka, 'naja' haikolezi mchuzi.
Sikukutuma jibu. Nimekutuma chumvi."

Hapo kati ya magunia nikaelewa
kwamba wiki nzima nilikuwa nikimpelekea Mungu majibu.
Ndiyo ya kesho ni hapana
iliyojifunga kitambaa cha kanisani.

"Mzee! Rudi!"
Nikaazima nyundo ya Odiwuor, fundi viatu,
nikaiingiza ndani ya bati, nikagonga.
Soko likageuka.
Wanjugu wa njahi akanong'ona,
"Wewe, unatuharibia biashara."
Nikagonga. Si kwamba nilikuwa jasiri;
mikono ilitetemeka, pigo moja likanipata kidole gumba.
Kitako kikatoka, kimejaa makunyanzi.
Hata leo hakikai sawa mezani.

Nikampimia upya. Mfuko ukajaa, nyingine zikamwagika.
Hakuuliza kitu.
Aliutazama mfuko, akanitazama mimi,
na macho yale yakanisomea hesabu ya miaka saba.
"Nisamehe," nikasema. Zaidi ya hapo sikuwa na neno.

Faida imepungua. Kodi nalipa vipande vipande.
Wanjugu hanisalimii.
Na nisidanganye: Neno likija,
mguu wangu wa kwanza bado hurudi nyuma.
Lakini alfajiri, chai haijachemka,
nauliza, la leo ni lipi?
kisha nainuka
kabla sijapata sababu.