Chungu Kinasemaje?

Mama haoni. Sukari ilimchukua jicho la kulia
mwaka ule wa karafuu nyingi,
la kushoto likafuata kimya kimya, kama mdogo mtu.
Lakini jikoni kwetu Mtambwe
yeye ndiye hakimu, mimi karani.

"Shaame, boga umelimenya au umelichonga?"
Nimelichonga. Limebaki nusu.
Bilingani nimelikata mapande ya kiume,
bamia tisa, mung'unye mmoja wa kwa Bi Raya;
mbatata hapana, kasema daktari wa Wete,
na nazi iwe tui la pili tu,
jepesi mpaka ukilitazama linaona haya.

Natia vitunguu. Mama ainua kidole.
"Bado vinalia. Viache vilie.
Kitunguu kikinyamaza ndipo umwite thomu."
Nangoja. Kweli, sauti inashuka,
kutoka mvua ya bati hadi mvua ya makuti.
Thomu. Tangawizi. Bizari ya manjano,
ambayo tayari imelidai shati langu la skuli.
Tungule zinaingia kwa kelele,
watoto wa chuoni waliofunguliwa mapema.

"Karafuu umetia ngapi?"
"Tatu."
"Mbili. Tatu ni dawa ya jino."
Naisaka moja kwa upawa, inanikimbia,
naikuta imejificha nyuma ya bamia.

Miaka arubaini na mbili nimekula nyumba hii
nisijue mdalasini hukaa kopo gani.
Hukaa kopo lililoandikwa Chai.
Kopo la chumvi nalijua:
nimelipandisha juu ya kabati mwenyewe.

Adhana ya adhuhuri imekwisha. Mama kainamisha kichwa.
"Sasa kinasema."
"Kinasemaje?"
"Kinasema, nipakueni."

Nampa sahani, na ugali wa mtama kadiri ya ngumi.
Anaonja. Anatafuna taratibu, kama anayesoma barua.
"Chapwa," anasema. "Lakini umeiva."

Halafu mkono wake unatambaa kwenye pindo la kanga,
unafungua kifundo,
pale wenziwe wanapofunga senti;
chembe nyeupe zinadondoka sahanini,
chache, ungeweza kuzihesabu.
Anakoroga kwa kidole.
Anatega sikio upande wangu.

Mimi ndiye mwenye macho nyumba hii.
Nainamia sahani yangu,
nakigonga kijiko kwa nguvu, mara mbili, mara tatu,
asikie kuwa nakula.