Pengo la Kikombe

Saa kumi na mbili jioni, ghorofa ya nne, Kutaisi.
Tsiuri anaosha vyombo, lakini hayupo.
Mikono ipo, imezama povuni hadi viwikoni;
mwenyewe yuko benki ya kesho, kwenye foleni,
akibishana na karani juu ya bili ya gesi.
Kisha yuko Wrocław, ndani ya lori la Malkhazi,
akimkumbusha mwanawe mkanda, koti, kula.
Kisha anarudi nyuma miaka kumi na mmoja
kwenye neno alilomtupia Zauri mlangoni,
neno la kipuuzi, la viatu vyenye matope,
la mwisho.

Sahani inasuguliwa mara tatu. Haijui nani anaisugua.

Miaka thelathini alitangaza treni stesheni:
inayokuja, iliyochelewa, iliyokwisha kuondoka.
Iliyopo, imesimama, milango wazi,
haikuhitaji tangazo; watu waliiona wenyewe.
Hivyo ndivyo ulimi ulivyozoea,
na roho ikafuata ulimi.

Halafu, pap, umeme.
Mtaa mzima unafumba jicho.
Friji linakohoa mara moja, linanyamaza.
Kwa Lamara, ng'ambo ya ukuta, redio inakatika
katikati ya jina la mtu.

Mshumaa uko droo ipi?
Haendi kuutafuta.
Gizani, maji ni ya vuguvugu.
Tangu lini yamekuwa vuguvugu?
Kidole gumba kinatambaa ukingoni mwa kikombe
na kukuta pengo, dogo, kama la jino la mtoto.
Kikombe amekinywea tangu harusi ya dada yake,
na pengo hili ama ni la leo, ama ni la siku zote.
Analipapasa. Linakwaruza kidogo.
Sabuni inanukia ndimu, si ndimu ya mti, ndimu ya kiwandani,
lakini nayo inajitahidi.
Huko chini mto Rioni unateta na mawe.
Ulikuwa ukiteta muda wote huu?

Na saa ya ukutani, isiyotegemea umeme,
inatamka silabi moja moja:
sa,
sa.
Ukiziunganisha, ni sasa.
Ukiivuta moja, ni saa.
Tsiuri hakijui Kiswahili changu;
kwao husema akhla, neno lenye pumzi katikati.
Mimi ndiye niliyesikia, huku upande wa kalamu.

Kwa muda gani? Pumzi tatu, tuseme nne.
Katika hizo hakudaiwa na mtu,
Zauri hakuwa marehemu wala hai,
Malkhazi hakuwa mbali.
Palikuwa na mkono, na maji, na pengo,
na mwanamke mmoja amefika nyumbani kwake
bila kusafiri.

Wahenga walisema leo ni leo, asemaye kesho mwongo.
Mimi sithubutu kumwita mwongo
mwenye mtoto barabarani usiku.
Kesho ina madeni yake, jana ina makaburi yake,
sharti mtu aende huko, kulipa, kuzuru.
Ninachouliza ni kidogo:
nani anabaki kulinda nyumba?

Umeme unarudi kama ulivyoondoka, bila hodi.
Redio inaendelea; jina la yule mtu limeshapita.
Tsiuri anapepesa macho, anakumbuka maharage,
ole wake!
yameshika chini, moshi umeingia hadi kwenye giligilani.
Anayala hivyo hivyo, kwa mkate, amesimama.
Uchungu wa kuungua unatangulia, jozi zinafuata nyuma.
Kijiko cha kwanza anakitafuna akiwa benki.
Cha pili, Wrocław.
Cha tatu kinasita hewani, kinaingia polepole.
"Chumvi haikutosha," analiambia jiko,
na anatabasamu,
kwani hilo, angalau, amelionja.