Vidole vya Mkono Mmoja

Kwa miaka sita kisanduku kilikaa chini ya kaunta,
duka la dawa, Mestia, milima ya Jojia,
kati ya katoni za pamba na buti za Tsiuri zilizolowa,
na kazi yake ilikuwa moja: kuhoji.
U nani? Watoka wapi? Umeficha nini kwapani?
Mwenye jibu alipita. Asiye nalo alirudi alikotoka.
Bawabu hodari, sikatai.
Ila bawabu humjua mgeni,
haijui barabara.

Mimi nilikuwa Kutaisi, mbele ya ramani,
maduka arobaini na moja, vidoa arobaini na moja vya kijani,
kijani kilichonidanganya bila kupepesa jicho.

Maana faiba ya milimani haikatiki kama uzi. Huugua.
Theluji huikalia nguzo, nguzo huinama,
waya hubanwa, kidogo tu,
na katika kila pakiti mia, kumi na mbili hazifiki.
Taa inawaka. Laini ipo.
Ipo kama mlinzi aliyelala huku amekodoa macho.
Na kando yake laini ya akiba, ile ya simu, nzima, ina nguvu,
imekaa kama mrithi: imeambiwa isubiri kifo,
na kifo hakiji.

Usiku wa Januari, mtoto ana degedege.
Tsiuri anaongea na daktari Jokia aliye huku bondeni,
sauti inapita ndani ya faiba ile ile gonjwa.
Matone mangapi?
Kwa Kijojia tano ni khuti, kumi na tano ni tkhutmeti:
dokoa silabi, dozi inageuka.
"Khut—" akasikia. Kisha kimya. Kisha "—ti."
Akauliza mara tatu. Mara tatu akapewa makombo.
Ndipo alipopiga magoti, akapapasa nyuma ya kisanduku,
akaichomoa faiba kwa mkono wake.
Akaiua, ili mrithi aamke.

Machi tukaleta programu mpya.
Chuma ni kile kile, vumbi ni lile lile,
lakini bawabu sasa ana miguu.
Kila nusu sekunde hutuma matarishi watatu,
mmoja kwa faiba, mmoja kwa simu, mmoja kwa setilaiti,
akawangoja, akawapima pumzi:
nani kachelewa, nani anatetemeka, nani hakurudi.
Hesabu za mauzo? Zipite kokote, zilale hata njiani.
Sauti ya daktari? Njia iliyo safi sasa hivi, si ya jana.
Na njia zote zikitia shaka, huinakili sauti,
huipeleka mara mbili kwa njia mbili;
ya kwanza kufika hupokewa,
ya pili hufungiwa mlango.

Bosi wetu, Otia, aliuliza jambo moja: setilaiti italamba lari ngapi?
Nikamwandikia. Akatia duara. Akasaini.

Juzi theluji ilirudi, nje ya msimu.
Asubuhi nikasoma: saa nane na dakika kumi na nne usiku,
faiba yapoteza tisa kwa mia, sauti imehamia simu.
Mstari mmoja tu. Nikampigia Tsiuri.
"Usiku uliongea na daktari?"
"Niliongea."
"Hukusikia kitu?"
"Nilimsikia daktari. Kwani ulitaka nisikie nini?"

Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sijui kama namwamini bawabu huyu.
Anachagua kabla sijawahi kuuliza,
na sababu zake huziandika kwa namba, mambo yakiwa yamekwisha.
Tsiuri naye hajaamua. Ameifunga faiba utepe mwekundu wa kitambaa chenye fundo,
ili mkono uipate hata gizani,
na daktari akishataja dozi,
hata sauti ikiwa karibu kana kwamba amesimama kwenye kaunta,
humuuliza tena:
vidole vya mkono mmoja,
au vya mikono miwili na mguu?